Maswali na majibu: Orkestra haianzi na kontena la vyombo

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: vikundi vya mitaa, kuanzia Tunduma hadi Iringa mjini, vinavyotaka kupiga muziki wa klasiki mbele ya majirani zao. Nimefurahi sana kuzisoma. Walioniuliza tena nota, zile alama za kuandikia sauti, ni nini nimewaacha. Hilo lilishajibiwa hapa, na mwalimu wa kwaya wa karibu nawe atakuonyesha kwa nusu saa.

Shikamoo mwalimu. Kwaya yetu hapa Uyole ina kinanda, matarumbeta sita, tromboni mbili na fidla tatu. Tunataka kuwa orkestra ya mtaa. Tumwandikie nani Ulaya atutumie vyombo walivyoacha kutumia?

Marahaba. Kwa sasa msimwandikie mtu. Mlichonacho kinatosha kuanza Jumamosi ijayo, na mkikaa kusubiri kontena mtakaa miaka. Nimefunguliwa stoo zaidi ya moja mikoa ya Mbeya na Njombe nikaonyeshwa vyombo vya msaada: klarineti zisizo na ulimi wa mwanzi, selo (fidla kubwa inayopigwa ukiwa umeketi) iliyopasuka kifua, tromboni ambayo mkono wake hausogei. Vililetwa kwa sherehe na picha, lakini hakuja mtu wa kuvifundisha wala wa kuvitengeneza, na havijapigwa hata mara moja mbele ya watu.

Tazameni majirani zetu wa Kongo. Orkestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Kimbangu, pale Kinshasa ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, aliyekuwa rubani. Walianza na fidla chache ambazo watu walipokezana, mmoja akimaliza zamu anamkabidhi mwenzake. Leo wanapiga Beethoven wakiwa na kwaya kamili. Kilichowafikisha huko ni mazoezi yasiyokosekana.

Basi fanyeni hivi. Chagueni siku moja na saa moja, zisihamishwe kwa sababu ya harusi ya mtu. Mchagueni mwongozaji mmoja, si kamati. Fidla zenu tatu zichukue Kanoni ya Pachelbel, ambayo iliandikwa kwa fidla tatu na besi. Besi yake ni nota nane tu zinazorudiwa mara 28, na kinanda au tromboni itazibeba. Kwa matarumbeta tafuteni muziki wa Handel wa sherehe ya fataki ya mwaka 1749, uliopigwa kwanza London kwenye uwanja wa wazi kwa vyombo vya kupuliza na ngoma. Mzee huyo alitumia matarumbeta tisa na pembe tisa. Nyie mtapata mpangilio mdogo wa vyombo vya shaba. Nakala za kazi za zamani kama hizi zinapatikana bure mtandaoni. Nyimbo za watunzi wetu walio hai ni habari nyingine: ombeni ruhusa kabla hamjazipangia sauti, na mlipe. Tabia ya kutoa nakala za tenzi za mtu na kufuta jina lake juu ya karatasi ni wizi, hata ukifanyika ndani ya kanisa.

Waimbaji wetu Mafinga wanasoma solfa (do, re, mi) vizuri sana. Je, tunaweza kuendesha orkestra kwa solfa bila nota za mistari?

Kwa kwaya solfa inatosha, tena ni hazina. Kuna watu huku wanaosoma sauti nne kwa solfa mara ya kwanza bila kukosea, jambo ambalo waimbaji wengi wa nchi tajiri hawaliwezi. Lakini karatasi za orkestra zimeandikwa kwa mistari, na hakuna atakayekukalia usiku kucha kukubadilishia sehemu ishirini. Wafundishe mistari. Anayejua solfa tayari ana masikio. Kilichobaki ni macho, na miezi michache ya bidii inatosha.

Nakuongezea jambo ambalo hukuuliza, kwa sababu litakuvurugia zoezi la kwanza. Tarumbeta ya kawaida ni ya B-flati: mpigaji akisoma C, kwenye kinanda inasikika B-flati. Ila vitabu vya bendi za kanisa za Kijerumani huandika sauti kama inavyosikika, na mpigaji hujifunza vidole kwa namna hiyo. Kama bendi yenu imerithi vitabu hivyo, halafu ukamkalisha mmoja wao karibu na kijana aliyefundishwa kwenye bendi ya shule au ya jeshi, watapishana toni nzima huku kila mmoja akiapa kuwa anasoma sawasawa. Wote wawili ni wakweli. Kabla ya wimbo wowote, mwambie kila mpulizaji apige C anayoisoma, uisikilize kwenye kinanda, kisha uandike jina lake na jibu lake.

Huu si muziki wa Wazungu? Mnauleta Mbeya wa nini?

Swali hili linakuja kila msimu, na kila mara linaulizwa na mtu ambaye kwenye msiba wa kwao matarumbeta yalipigwa na akalia. Wamisionari Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Waluteri wa Berlin walifika eneo hilohilo mwaka huohuo. Sauti nne na vyombo vya shaba vya makanisa hayo vimekuwa vya wenyeji kwa vizazi kadhaa. Zanzibar, kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na taarabu yake imesimama juu ya fidla. Hakuna anayewaambia wapigaji wake warudishe vyombo kwa wenyewe. Klarineti na obo nzuri duniani huchongwa kwa mpingo, mti unaokatwa kusini mwa nchi hii. Tunatoa mti, sauti tunaogopa kuichukua.

Hata hivyo nakubaliana nawe kwa sehemu moja. Orkestra ya Iringa inayopiga Mozart jioni nzima bila wimbo hata mmoja wa mtunzi wa hapa imewakosea wasikilizaji wake. Nusu ya programu iwe ya kwetu. Wahehe wana ligombo, chombo chao cha nyuzi, zeze linajulikana, na nyimbo za kuvuna na za kubembelezea watoto zimejaa kila kijiji. Aliyesoma upangaji wa sauti akae na bibi zake azisikilize, kisha aziandikie fidla na selo. Hiyo ndiyo kazi ninayotamani kuisikia kuliko sinfonia yoyote.

Watu wetu hupiga makofi katikati ya sinfonia, ule muziki mrefu wa orkestra wenye sehemu kadhaa, kila sehemu ikiisha. Tuwakataze?

Msiwakataze. Mwezi Julai 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris, akifurahi kwamba watu walipiga makofi muziki ukiwa bado unaendelea. Simu, ndiyo, mkataze.

Ni lazima kusimama kwenye Haleluya Kuu ya Handel?

Si lazima. Kisa kwamba Mfalme George wa Uingereza alisimama wimbo huo ulipoimbwa, na ndiyo maana watu husimama, hakina ushahidi wa wakati wake.

Ukumbi wetu Makete ni baridi kali Juni na Julai. Tunaanza tukilingana, baada ya nyimbo mbili fidla na matarumbeta vimeachana. Kosa ni la nani?

Si la mtu, ni la baridi. Shaba ikiwa ya baridi sauti iko chini, na mpulizaji akiipasha kwa pumzi inapanda. Nyuzi za fidla zinafanya kinyume: zikipata joto zinalegea na sauti inashuka. Mkilinganisha vyombo vikiwa vya baridi, lazima muachane. Wapulizaji wapulize dakika kumi au kumi na tano kwanza, fidla ziwe zimetolewa kwenye mikoba yake, ndipo mlinganishe wote kwa nota A ya 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Baada ya wimbo wa kwanza mlinganishe tena, mbele ya watu, bila aibu.

Kiangazi kikizidi, vigingi vya fidla hunywea na kuteleza. Unapokaza kizungushe huku ukikisukuma ndani, na ukipake chaki kidogo. Usitie gundi, wala msumari. Nimeona yote mawili.

Halafu nawaomba kama ndugu: msipashe ukumbi joto kwa jiko la mkaa huku madirisha yamefungwa. Ule moshi usioonekana unaua, na kila mwaka nyanda hizi hupoteza watu kwa namna hiyo. Mbao za selo nazo zitapasuka, ila hilo ni dogo.

Ukumbi unachukua watu mia tatu. Tukodi spika? Na kiingilio tuweke au tuache bure?

Spika hapana. Messiah ya Handel, ile yenye Haleluya Kuu, ilipopigwa mara ya kwanza, Dublin, 13 Aprili 1742, ukumbi ulibana watu kama 700. Wanawake waliombwa wasivae magauni yenye vyuma vya duara vya kuyatanua na wanaume waache panga, ili watu zaidi waingie, na wote walisikia. Fidla ikipitishwa kwenye spika za harusi inakuwa kelele kama kelele nyingine, na wasikilizaji wanaondoka bila kujua walichokikosa. Kazi yenu ni kuwapa sauti ya mti na shaba bila kitu katikati. Kwaya zinazosimama jukwaani na kuchezesha midomo juu ya muziki uliorekodiwa zimeshawanyima watu sauti hiyo kwa miaka, msijiunge nazo.

Kiingilio kiwepo, kidogo, na watoto wa shule waingie bure. Onyesho lile la Dublin lilichangia hospitali na wafungwa wa madeni, na kila mnunuzi alijua fedha inakwenda wapi. Nanyi semeni wazi: nyuzi, nauli ya mwalimu, ukarabati. Mkimaliza someni mapato na matumizi hadharani. Na msimngoje mgeni rasmi. Saa ikifika, pigeni.

Mwanangu wa kike ana miaka saba. Nimeona mtandaoni fidla ya mtu mzima kwa bei nzuri. Ninunue aikulie?

Usinunue. Fidla haikuliwi kama sare ya shule. Kubwa itamwumiza shingo na mkono, na ataiacha. Kwa umri wake mara nyingi inafaa fidla ya ukubwa wa nusu, au wa robo kama ni mdogo wa umbo, na fidla kamili huja karibu na miaka 11 au 12. Mpeleke kwa mpigaji, aipime begani akiwa ameunyoosha mkono: kiganja kizunguke kichwa cha fidla bila kuvutika. Ukishainunua, chukua na nyuzi za akiba, hasa uzi wa E, kwa maana ndio unaokatika kwanza.