Soriasisi, mawazo na hii kauli ya "ni stresi tu"

SWALI: Shikamoo daktari. Nina soriasisi, huu ugonjwa wa ngozi wa madoa yenye magamba, mwaka wa sita sasa, viwikoni, magotini na kichwani. Mara ya kwanza nilivyopigwa mwanga (ile tiba ya miale ya UV kliniki) ilisafishika vizuri tu. Safari hii nimeanza tena baada ya ndoa kuvunjika, niko wiki ya 9 na madoa bado yapo. Kuna mtu ananiambia ni stresi tu, niachane na dawa nitulize akili, na ana krimu yake ya asili. Kweli mawazo yanaweza kufanya dawa isishike?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa ya nyumbani. Jibu ni ndiyo, yanaweza, ila huyo mtu kachukua nusu ya ukweli kaifanyia biashara.

Hiyo nusu ni hii. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2003 kwa wagonjwa wa soriasisi waliokuwa kwenye tiba ya mwanga, wale wenye wasiwasi mwingi walichelewa kusafishika, kasi yao ilikuwa ndogo karibu mara 1.8 kuliko wenzao. Na 1998 kule Marekani mtafiti Jon Kabat-Zinn na wenzake walichukua wagonjwa 37, baadhi yao wakawa wanasikiliza kanda ya kutuliza akili wakati wanapigwa mwanga, na hao ndio waliosafishika haraka zaidi. Sasa soma tena hapo, WAKATI WANAPIGWA MWANGA. Hakuna aliyepewa kanda akaambiwa haya nenda nyumbani, dawa basi.

Mawazo yanachochea kinga ya mwili ambayo kwenye soriasisi tayari imechachamaa, halafu kuna mambo ya kawaida kabisa ambayo watu hawayahesabu, usiku hulali, unajikuna, na ngozi ya soriasisi ukiichubua inaweza kuota doa jipya palepale, hili daktari wa ngozi Heinrich Koebner alilieleza tangu karne ya 19. Na dawa yenyewe hupaki. Namuuliza mgonjwa unapaka? Napaka daktari, kila siku. Haya nioneshe tyubu. Wiki sita, tyubu imeminywa shingoni tu, tumbo bado limejaa.

Kwako wewe hesabu mara ulizopigwa mwanga, usihesabu wiki. Kozi mara nyingi inafika mara 20 hadi 30, wengine zaidi, na ukikosa siku dozi inaweza kurudishwa nyuma. Kichwani mwanga haupenyi nywele, pale unahitaji dawa ya kupaka. Mwambie anayekutibu habari za ndoa na usingizi, na msaada wa mshauri ni sehemu ya matibabu, usione aibu. Kingine, kama moyo unakwenda mbio ukapewa propranololi, itaje hiyo pia, dawa za kundi lake zinaweza kuamsha soriasisi (usiiache ghafla kwa uamuzi wako lakini).

Sasa hao wa "ni stresi tu". Kwanza wanamfanya mgonjwa ajione kajiletea mwenyewe, anaanza kuwa na stresi ya kuwa na stresi, soriasisi ni ugonjwa wa kinga na wengi wana asili yake kwenye ukoo, hukujitakia. Pili ndio hizo krimu. Doa gumu lenye magamba linalainika siku nne, muwasho kwisha, mtu anashangilia majani yamefanya kazi. Majani gani! Mara nyingi humo ndani kuna steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na kinga) kama klobetasoli, dawa ambayo sisi tunaitoa kwa muda na kwa kipimo, wewe unajipaka miezi mwili mzima hadi ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, michirizi mapajani, na siku ukiacha ugonjwa unarudi kwa hasira. Wengine wanakuongezea na vidonge au sindano ya steroidi, hapo ukikatisha ghafla soriasisi inaweza kugeuka ya usaha mwili mzima na homa juu, hiyo ni ya kulazwa na inaua. Nishapokea wa hivyo, anatetemeka kitandani huku bado ananiambia daktari yule alisema sumu inatoka.

Kama ushaanza kuipaka usifiche, na kikopo usikitupe, nenda nacho kliniki, tena kama hakina lebo ndio kabisa.