Bili ya Hospitali Isomwe Kabla ya Siku ya Kuruhusiwa

Ujumbe ulionifanya niandike leo umetoka kwa msomaji wa Nakuru. Mama yake amelazwa katika hospitali ya kibinafsi, SHA, yaani mamlaka ya bima ya afya ya taifa, wameilipia mwaka mzima, na bado wameonyeshwa bili inayopita laki moja na nusu. Anauliza: "Kwani SHA imelipa nini?" Hilo ndilo swali linaloulizwa kila siku mbele ya madirisha ya malipo kote Kenya, na inauma kwamba karibu kila mara linaulizwa likiwa limechelewa. Jibu lake lilikuwapo tangu saa ile mgonjwa anapokelewa. Hakuna aliyeliomba, na hospitali haikulitoa.

Tuanze na SHA yenyewe, maana wengi wanailipia bila kujua inavyofanya kazi. Ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya taifa ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024, na chini yake iko mifuko mitatu. Wa kwanza hulipia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, na hapo kinachohitajika ni kujisajili tu. Wa pili ndio wa bima ya jamii. Huu hulipia hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6, na haukugusi kama michango yako haijalipwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu: hulipia matibabu ya dharura, na kwa magonjwa sugu huingia pale kiwango cha mfuko wa pili kinapokwisha. Mtu akisema "nimesajiliwa SHA" akadhani amemaliza, amemaliza mfuko wa kwanza peke yake.

La muhimu kuliko yote ni hili: SHA hulipa kwa tarifa, yaani kiwango kilichopangwa mapema kwa kila huduma. Haiulizi hospitali yako imetoza ngapi. Kwa viwango vilivyochapishwa mpango ulipoanza, kitanda cha ngazi ya 4 kililipiwa shilingi 3,360 kwa siku na cha ngazi ya 6 shilingi 4,480. Kujifungua kwa njia ya kawaida kulilipiwa 10,000, kwa upasuaji 30,000, na kila kikao cha kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo 10,650. Tarifa hizi hubadilishwa, kwa hiyo dai kuonyeshwa inayotumika siku hiyo, lakini mtindo wa kulipa ni uleule.

Sasa fanya hesabu. Tuseme hospitali ya kibinafsi ya ngazi ya 4 inatoza wodi 12,000 kwa siku na mgonjwa akae siku tano. Hiyo ni 60,000. SHA ikilipa 3,360 kwa siku, imeweka 16,800. Tofauti ya 43,200 ni yako, na hapo dawa, vipimo na madaktari huenda havijaguswa. Mjamzito akiambiwa upasuaji ni 150,000, SHA ikaweka 30,000 yake, familia inatafuta 120,000. Katika kesi hizi SHA haikukataa kulipa. Imelipa kiwango chake chote, na ndiyo maana kuwalaumu wafanyakazi wa dirishani hakusaidii. Aliyetaka kuepuka pengo hilo alipaswa kulipima kabla, au kwenda hospitali ya umma ambako bei ziko karibu zaidi na tarifa.

Maswali ya mlangoni

Kabla hujatia sahihi fomu ya kulazwa, mtafute anayeshughulikia bili za waliolazwa. Mara nyingi hayuko dirisha la mapokezi, yuko ofisi ya mikopo au ya bima. Muulize kwa maneno haya haya: matibabu haya mnatoza kwa kifurushi au kitu kimoja kimoja? Kama ni kifurushi, ndani yake kuna nini: daktari wa upasuaji, daktari wa nusukaputi, chumba cha upasuaji, maabara, dawa, kitanda cha siku ngapi? Siku zikizidi, kila moja ni ngapi? SHA italipa kiasi gani, na mimi nibaki na kiasi gani? Kisha omba makadirio hayo yaandikwe, yawe na tarehe na muhuri. Makadirio si mkataba, lakini bili ikija mara mbili yake, una karatasi ya kuuliza nayo. Maneno ya mdomo hayaulizi kitu.

Mtego mkubwa hapa ni ada za madaktari. Katika hospitali nyingi za kibinafsi, daktari bingwa si mwajiriwa wa hospitali. Anakuja na kuleta bili yake, na daktari wa nusukaputi huleta ya kwake. Familia iliyoambiwa "upasuaji ni 90,000" hukuta baadaye kwamba hiyo ilikuwa ya hospitali peke yake. Ada hizi zina kanuni za mwaka 2016 zinazosimamiwa na KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, na zinaweza kuzungumzwa. Lakini huzungumzwa na daktari mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya upasuaji. Muulize kama anapokea malipo ya bima yako bila kuongeza juu yake. Ukikutana naye baada ya kazi kufanyika, huna cha kuzungumza naye.

Wenye bima za kampuni wana mitego yao. Kadi ikisema kulazwa ni milioni moja, soma vipengele vya ndani: uzazi una kikomo chake, magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga yana kikomo chake, na mara nyingi yana muda wa kungoja kabla ya kulipiwa. Muda wa uzazi huwa mrefu zaidi, karibu mwaka. Pia hospitali lazima iwe katika orodha ya kampuni, na upasuaji uliopangwa unahitaji idhini ya awali. Idhini hiyo huombwa na hospitali, lakini anayeumia ikikosekana ni wewe. Piga simu mwenyewe kwa nambari iliyo nyuma ya kadi, chukua nambari ya idhini, na uliza ni ya kiasi gani. Idhini ya 200,000 kwa upasuaji wa 320,000 huitwa "imekubaliwa" mapokezini, na ile 120,000 hutokea siku ya kutoka.

Dharura

Ajali haingoji makadirio, na hapa sheria iko upande wako. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 ikarudia haki hiyo. Hospitali ikidai amana kwanza huku mgonjwa anavuja damu, kitaje kifungu hicho kwa sauti, mwite msimamizi wa zamu, na uandike jina lake na saa.

Lakini haki hiyo ni ya kumtuliza mgonjwa hadi hatari ipite. Haisemi atibiwe bure wiki tatu. Kwa hiyo saa ya kuamua ni ile hali yake inapotulia. Akiwa anahitaji chumba cha wagonjwa mahututi katika hospitali ya kibinafsi, kila siku hula makumi ya maelfu, na familia nyingi huanza kufikiria kumhamisha siku ya sita, bili ikiwa imeshapanda na hospitali inataka ilipwe kwanza. Lifikirieni siku ya kwanza. Kuhamisha si kukodi gari la wagonjwa tu. Daktari anayemtibu ampigie mwenzake wa hospitali ya rufaa, iwe Kenyatta, iwe Moi ya Eldoret, iwe ya kaunti yako, athibitishe kwamba kitanda cha aina hiyo kiko wazi na jina la anayempokea lijulikane. Kisha barua ya rufaa, nakala za vipimo na picha ili visirudiwe na kutozwa upya, na gari lenye oksijeni na mhudumu. Gari likifika kabla kitanda hakijathibitishwa, mgonjwa atalala korido na wewe utalipa safari mbili.

Akiwa wodini

Bili hukua kila siku, na ni haki yako kuiona kila siku. Omba bili ya muda, iliyochanganuliwa, kila baada ya siku moja au mbili. Usikubali jumla tupu: "dawa 38,400" haisomeki. Nunua daftari dogo, likae kando ya kitanda, na kila anayemkalia mgonjwa aandike tarehe, dawa iliyotolewa kweli, kipimo kilichochukuliwa, daktari aliyemwona. Jioni linganisheni.

Makosa yanayoonekana mara kwa mara ni yaleyale. Dawa iliyoandikwa kwa siku saba ilisimamishwa siku ya tatu, lakini zote saba zimetozwa, na zile zilizobaki zingerudishwa famasia na kuondolewa kwenye bili kama mtu angeuliza kabla pakiti hazijafunguliwa. Oksijeni hutozwa kwa saa na ikaendelea kuhesabiwa baada ya mashine kuondolewa, kwa sababu hakuna aliyeandika saa ya kuizima. Kipimo cha damu kiliganda maabara, kikachukuliwa tena, na vyote viwili viko kwenye bili. Daktari ametoza kumwona mgonjwa Jumapili ambayo hakufika. Mengi ya haya hayatokani na wizi. Yanatokana na mtu aliyechoka akijaza mfumo saa tisa ya usiku. Kosa la siku mbili zilizopita husahihishwa kwa dakika kumi, maana muuguzi wa zamu ile yupo na faili iko wodini. Kosa lilelile baada ya siku kumi na mbili linahitaji mikutano.

Kuruhusiwa nako kuna gharama zake. Uliza saa ambayo siku mpya ya kitanda huanza kuhesabiwa, na uliza siku moja kabla kama daktari anatarajia kumruhusu. Kinachochelewesha huwa ni muhtasari wa daktari, ambao bila huo madai ya SHA na ya bima hayafungwi. Mgonjwa aliyeruhusiwa Ijumaa jioni bila muhtasari anaweza kulala hadi Jumatatu akiwa mzima, na siku hizo zikahesabiwa.

Kabla mtu hajaugua

Hapa niseme kwa ufupi, ingawa ndipo pesa nyingi hupotelea. Piga *147# leo uangalie kama michango yako iko hai na kama mke, mume na kila mtoto wapo kwenye orodha. Mtoto ambaye hayumo halipiwi, hata kama baba amekatwa miaka yote. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, yaani 1,100 kwa anayepata 40,000, na mwajiri anapaswa kuifikisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kukatwa kwenye hati ya mshahara hakuthibitishi kwamba imefika. Wasioajiriwa hupimwa uwezo wa kaya na kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, isiyopungua 3,600. Anayengoja hadi alazwe anatakiwa kuitoa yote siku hiyohiyo, akiwa tayari anatafuta amana. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole uliwekwa kwa ajili ya watu hawa, na mama mboga au mwendesha boda anayeweza kuweka kidogo kila wiki hana sababu ya kuuacha. Semeni hili kwenye chama, semeni msikitini na kanisani, maana harambee tunazochangishwa ni pamoja na za bili ambazo michango hii ingezipunguza.

Bili ikishazidi uwezo

Katika hospitali ya umma, mtafute afisa wa ustawi wa jamii mgonjwa akiwa bado kitandani. Msamaha hupitia kamati, na kamati haikai kila siku. Beba barua ya chifu, nakala ya kitambulisho, bili ya muda na ripoti ya daktari. Katika hospitali ya kibinafsi, omba kuonana na meneja wa mikopo, uende na kiasi unachoweza kulipa mara moja na uombe punguzo kwa ajili yake, kisha ratiba ya kinachobaki iandikwe na pande zote zitie sahihi. Kumfungia mgonjwa aliyepona kwa sababu ya deni si halali: Mahakama Kuu ilisema hivyo mwaka 2015 katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani. Hospitali inaweza kukudai mahakamani kama mdai mwingine yeyote. Hati ya shamba usiiweke rehani dirishani bila makubaliano yaliyosomwa na mtu anayejua sheria. Mkopo wa simu wa mwezi mmoja usilipie bili ambayo hospitali iko tayari kuigawa kwa miezi sita.

Mkichangisha, wapeni watu nambari ya malipo ya hospitali pamoja na nambari ya mgonjwa kama akaunti, fedha ziingie moja kwa moja na kila shilingi ionekane kwenye bili. Kabla ya kulipa mwisho, hakikisheni malipo ya SHA yametolewa kwenye jumla, kwa sababu hutokea mstari huo ukabaki wazi ukisubiri alama ya kidole ya mgonjwa ambayo haikuchukuliwa. Kama kuna mgogoro, malalamiko ya ada na ya matibabu hupelekwa KMPDC, ya kampuni za bima kwa mamlaka ya kusimamia bima, IRA, na ya michango kwa SHA yenyewe. Kote watataka makadirio ya kwanza, bili iliyochanganuliwa, risiti na muhtasari wa daktari, kwa hiyo toeni nakala ya hizo nne kabla hamjatoka getini.