Maswali kwa Fundi: Difu ya gari lingine itakaa kwenye gari langu?

SWALI: Ndugu Fundi, shikamoo. Ninaishi Morogoro na ninamiliki Toyota Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, yenye injini ya 1HD-T na foo wili ya wakati wote. Mwezi uliopita, nikirudi kutoka Dodoma, gurudumu la nyuma la kushoto lilianza kutoa moshi. Fundi alipofungua alikuta beringi imesagika, na sehemu ya hausingi (ganda la chuma la difu) inayobeba beringi hiyo imeliwa kiasi kwamba beringi mpya inacheza. Ameniambia nibadilishe difu nzima ya nyuma, yaani ekseli pamoja na gia zake zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Gerezani, Dar es Salaam, nimepata difu mbili zilizotumika: moja imetoka kwenye Land Cruiser 105 na bei yake ni nafuu, nyingine imetoka kwenye 80 yenye loki ya nyuma ya umeme, ile inayofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja. Muuzaji anasema zote mbili zinaingia bila kugusa kitu. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Nakuomba usilipe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujasoma jibu hili hadi mwisho, kwa sababu huenda usihitaji kununua difu nzima kwa namna uliyoelekezwa.

Fundi wako ameona tatizo sawasawa. Katika difu ya aina hii, uzito wa gari haubebwi na shafti inayozungusha gurudumu, bali hubebwa na habu (kitovu cha gurudumu) inayokaa juu ya beringi mbili, na beringi hizo hukaa kwenye mkono wa hausingi. Shafti yenyewe kazi yake ni kupeleka nguvu tu, ndiyo maana inaweza kuchomolewa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Muundo huu ni imara sana, lakini una gharama yake: upande wa nyuma, mkono huo ni sehemu ya hausingi, hauna bolti za kuufungua kama ule wa mbele. Ukiliwa, hausingi nzima imekwisha, isipokuwa umpate mchongaji hodari wa kuujaza na kuuchonga upya. Nimeona kazi za namna hiyo zilizodumu, na nimeona nyingine zilizopinda kwa joto la kuchomelea na kula beringi mpya ndani ya safari chache. Kwa gari linalobeba familia kwenye barabara ya Dodoma, sikushauri.

Sasa tuitazame difu ya 105. Ni kweli kwamba kwa macho magari haya ni ndugu: yote mawili yana springi za koili nyuma, mikono minne inayoishika ekseli isiende mbele wala nyuma, na fimbo moja ya kuizuia isiende pembeni. Muuzaji akiziweka difu hizo sakafuni zikiwa sambamba, ni rahisi kuamini maneno yake. Lakini angalia habu. Gari lako lina bolti sita kila gurudumu, na 105 ina bolti tano zenye mpangilio mpana zaidi. Maana yake ni kwamba rimu zako hazitaingia nyuma, na ukinunua rimu nyingine kwa ajili ya nyuma, tairi yako moja ya akiba haitaweza kuhudumia pande zote mbili. Utakapopata pancha usiku katikati ya Gairo na Kongwa ndipo utakapojua nafuu ya bei ilikuwa nafuu ya namna gani. Zipo spesa za kubadilisha bolti tano kuwa sita, ila zinasogeza gurudumu nje na kuongeza mzigo kwenye beringi, yaani kwenye sehemu ile ile iliyokufikisha hapa.

Jambo la pili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo ambalo wauzaji wengi hawalizungumzi kwa sababu halionekani kwa macho. Ndani ya kila difu kuna gia mbili zinazoshikana, krauni na pinioni, na uwiano wa meno yake ndio unaoamua propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) izunguke mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Land Cruiser za familia hii hutoka kiwandani na uwiano tofauti kulingana na injini, giaboksi na soko. Utakutana sana na 4.10 na 4.30. Namba hizi mbili zinaonekana kukaribiana, lakini hebu tupige hesabu. Tairi ya 275/70R16 ina mzingo wa karibu mita 2.49, kwa hiyo katika kila kilomita moja huzunguka kama mara 402. Kama difu ya mbele ni ya 4.10, propela ya mbele itazunguka kama mara 1,650. Kama ya nyuma ni ya 4.30, propela ya nyuma itazunguka kama mara 1,730. Tofauti ni mizunguko 80 hivi kwa kila kilomita. Katika gari la foo wili ya wakati wote, tofauti hiyo itamezwa na difu ya kati iliyomo ndani ya transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), difu ambayo imetengenezwa ili ifanye kazi gari linapokata kona na siyo kutwa nzima kwenye barabara iliyonyooka. Itapata joto, pamoja na kapilingi yake ya mafuta mazito, hadi ziharibike. Na siku utakapofunga loki ya kati kwenye matope, hakutakuwa na pa kumezea tofauti hiyo tena. Kitu fulani kitateleza au kitakatika, na mara nyingi huwa ni kile cha gharama kubwa.

Kwa hiyo, difu yoyote utakayoitazama, hesabu meno yake kwanza. Huhitaji kuifungua. Mwombe muuzaji aiweke juu ya magogo mawili ili habu zote mbili ziwe hewani, na breki zisiwe zimeshika. Chora mstari wa chaki kwenye flenji inayopokea propela, na mwingine kwenye hausingi, iwe mkabala nao. Mtu mmoja aishike habu ya kulia isisogee hata kidogo. Wewe zungusha habu ya kushoto polepole, mizunguko 20 kamili, huku mtu wa tatu akihesabu kila mara mistari ya chaki inapokutana. Wakihesabu 41, difu hiyo ni ya 4.10, wakihesabu 43, ni ya 4.30. Tunazungusha mara 20 kwa sababu habu moja inaposhikwa, krauni huzunguka nusu tu ya mizunguko ya habu inayozungushwa, na pia kwa sababu kwa mzunguko mmoja au miwili tofauti ni ndogo mno kuitambua kwa jicho. Fanya jaribio hilo hilo kwenye difu yako iliyoharibika, uandike jibu kwenye karatasi, uende nalo Gerezani. Kama gari limewahi kupita mikononi mwa watu wengi, hakikisha na difu ya mbele pia, kwa maana huenda mwenye gari wa kwanza alishafanya kosa ambalo wewe unataka kuliepuka.

Sasa nije kwenye difu ya pili, ile ya 80 yenye loki ya umeme. Hii bolti zake ni sita kama zako, na huenda hata uwiano ukalingana. Ni kitu kizuri ikiwa nzima. Hata hivyo, loki inahitaji mota yake, nyaya zake, swichi na kifaa chake cha kuiongoza, na bila hivyo unanunua uzito tu. Tena difu ya namna hii inaweza kuwa imeng'olewa loki ikiwa imefungwa. Ukishika flenji isizunguke kisha ukazungusha habu ya kushoto, ile ya kulia inapaswa kuzunguka kinyume; ikikataa, loki imefungwa au kuna kitu kimekufa ndani. Elewa pia kwamba hausingi ya loki imechongwa tofauti na yako, kwa hiyo matumbo ya difu moja hayahamii kwenye nyingine bila kazi ya ziada.

Neno hilo la matumbo ndilo linalonifikisha kwenye ushauri wangu. Kwenye gari lako, krauni, pinioni na kila kilichofungwa pamoja navyo hutoka mbele ya hausingi kama kipande kimoja baada ya kuchomoa shafti mbili. Kwa maelezo yako, kipande hicho ni kizima. Kilichokufa ni hausingi peke yake. Basi tafuta hausingi ya 80 ya kawaida, isiyo na loki, yenye habu za muundo kama wako, na uhamishie humo matumbo yako mwenyewe. Uwiano utabaki ule ule ulio nao sasa. Hata ukilazimika kuinunua difu nzima, matumbo yake yaweke stoo na utumie yako. Usidhani kwamba kila 80 ina habu za muundo huu; yako utaitambua kwa kuangalia katikati ya gurudumu la nyuma, ambapo kichwa cha habu kimechomoza nje na kuzungukwa na nati zinazoishika shafti.

Yaliyobaki ni ya breki, na hapa usikubali haraka ya fundi yeyote. Zipo 80, hasa za miaka ya mwanzo, zenye breki za dramu nyuma, na zipo zenye diski. Ukichanganya, masta silinda (pampu ya breki) haitalingana na kazi yake, na nyaya za breki ya mkono zitakuwa za urefu mwingine. Kuna pia ile valvu iliyo kwenye chesisi, yenye fimbo inayoshuka hadi kwenye ekseli, ambayo hupima mzigo uliobebwa na kugawa nguvu ya breki za nyuma. Nimeletewa gari ambalo fimbo hiyo ilikuwa imefungwa kwa waya wa uzio kwa sababu kishikio chake hakikuwepo kwenye hausingi mpya, na mwenyewe alikuwa akishangaa kwa nini gari linainama mbele akikanyaga breki. Kama gari lako lina ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge unapokanyaga breki, hakikisha hausingi ina matundu ya sensa na kwamba pete zenye meno ni zile zile. Usisahau kusafisha kile kipumulio kidogo kilicho juu ya hausingi, kwani kikiziba, mafuta hupita kwenye sili mpya na kulowesha breki, na watu hulaumu sili. Mwisho, dai risiti yenye jina la duka, maana spea za magari haya huibwa sana.

SWALI: Fundi, mimi niko Nakuru. Land Cruiser yangu ni HZJ80, foo wili yake ni ya kuunga nikitaka. Mekanika alinifungia difu ya nyuma ya 4.30 wakati ya mbele ni 4.10, akaniambia hakuna shida mradi nisiunge foo wili. Ni kweli?

JIBU: Kwa lami peke yake, ndugu yangu, ni kweli: propela ya mbele isipopokea nguvu, hakuna kinachopigana. Utaona tu kwamba gari linavuta vizuri zaidi mlimani, linapiga kelele zaidi barabarani, na spidi mita inadanganya kwa karibu asilimia 5, kwa sababu inasoma mzunguko unaotoka kwenye transfa. Ikionyesha 105, wewe uko kwenye 100. Lakini gari hilo siyo foo wili tena. Siku mvua itakapokukuta barabara ya udongo mweusi, wewe au kijana uliyemwachia funguo atavuta ile gia bila kukumbuka maneno ya mekanika. Mrudishie akuwekee matumbo ya 4.10. Mpaka hapo, funga kipande cha waya au mpira kwenye gia ya transfa ili isivutike kirahisi, na mwambie kila anayeendesha. Ukiliuza kabla hujarekebisha, mwambie na mnunuzi.

SWALI: Baada ya kubadilisha difu ya nyuma, gari linatetemeka kati ya kilomita 70 na 90 kwa saa. Magurudumu yamefanyiwa balansi mara mbili. Tatizo ni nini? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ziache tairi, tazama propela. Ilipofunguliwa, huenda ile sehemu inayoteleza ilichomoka na kurudishwa ikiwa imegeuka meno machache. Lala chini ya gari, injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamewekewa magogo, uangalie uma (ncha yenye vidole viwili penye kiungo) wa mbele na uma wa nyuma wa propela hiyo: mara nyingi mafundi huweka alama ya patasi kabla ya kufungua, na alama hizo zinapaswa kukabiliana. Zikiwa zimepishana, chomoa na urudishe sawasawa. Zikiwa sawa, shika flenji ya pinioni kwa mikono miwili na uitikise juu na chini. Ikicheza hata kidogo, difu uliyouziwa ina beringi ya pinioni iliyochoka, na usiendelee kuitumia kwa safari ndefu kabla haijafunguliwa.