Kuwasaidia wanawake wenzako waache pombe

Dada, nimekuelewa: umeacha pombe mwaka wa pili sasa, majirani zako watatu wanataka kuacha pia, ila vikao vya kusimama mbele ya watu na kutamka "mimi ni mlevi" hawaviwezi. Si lazima. Jean Kirkpatrick wa Marekani alianzisha Women for Sobriety, chama cha wanawake wanaosaidiana kuacha pombe, mwaka 1975 akiamini kwamba mwanamke mnywaji anahitaji kujengewa heshima yake, si kunyenyekezwa zaidi.

Mimi na jirani yangu tulianza na saa kumi na mbili jioni, maana ndiyo saa iliyokuwa inatuangusha. Tunakaa uani kwake tukichambua mchicha, chai ya tangawizi pembeni, mpaka giza liingie. Hatuhubiriani. Akiteleza, namuuliza kama amekula na nani kamuudhi. Ukimsuta, unamrudisha kilabuni.

Ila anayekunywa kila siku asikatishe ghafla kabla ya kumwona daktari, kwani huweza kuua. Akitetemeka sana, akiweweseka au akipata degedege, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.

Na wewe hamu ikikurudia, usiende kumtoa mtu baa. Tuma mtu mwingine.