Jibu: Ushindi mwingi, nafasi ya chini?

Mkuu salaam. Umeuliza inakuwaje mwendesha baiskeli mwenye ushindi mwingi awe chini ya mwenye mchache kwenye orodha ya UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli. Anza kuangalia daraja la shindano. Kwa viwango vya 2024, kushinda hatua moja (mbio za siku moja ndani ya shindano la siku nyingi) ya Tour de France, shindano kubwa la Ufaransa, kulikuwa pointi 210. Ya shindano dogo la daraja la 2.1 (la siku kadhaa) ilikuwa 14 tu. Kwa hiyo hatua 3 alizoshinda Mweritrea Biniam Girmay kwenye Tour mwaka 2024 ni pointi 630, sawa na hatua 45 za huko chini!

Kisha gawanya pointi kwa siku za mashindano, maana aliyevunjika mfupa akakosa mashindano huonekana dhaifu bure. Orodha hiyo huhesabu wiki 52 zilizopita, basi linganisha Oktoba, msimu unapoisha, si Machi ukiwa bado mwanzoni. Wasaidizi wa timu, wanaoendesha ili kiongozi wao ashinde, usiwapime hivi kabisa.