Tukate kilima ao tungoje plani? Jibu kwa wamama wa Kadutu

SWALI: Jambo papa arshitekte. Sisi ni kikundi ya wamama wa Kadutu hapa Bukavu, kwa likelemba yetu (makuta yenye tunachanga pamoja) tulifika kununua kiparseli cha mita 9 kwa 14, lakini iko kwenye mteremuko. Tunataka kujenga sale ya kushonea na kufundishia wasichana wenye waliacha masomo. Kijana moja amesoma arshitekture amejitolea kutuchorea plani bila makuta. Fundi yetu naye anasema plani itatuchelewesha, tukate kilima nyuma, udongo tumwage mbele, tupate mahali sawa tuanze. Tusikie nani? Na huyu kijana tumutayarishie nini?

JIBU: Aksanti mama, na usalimie wamama wenzako wote. Kwanza naomba fundi asiguse jembe bado. Akikata nyuma na kumwaga mbele, nusu ya sale itakaa juu ya udongo wa zamani wenye umeshikana, nusu ingine juu ya udongo wa kumwaga wenye iko laini, mvua ikipiga ule wa mbele unashuka, ule wa nyuma unabakia, na ukuta unapasuka katikati. Naijua hii juu ilinifikia mimi. Nilichorea kikundi moja sale bila kulipwa, plani ilikuwa nzuri kabisa, lakini sikurudi kuangalia msingi, nikajiambia fundi anajua, kumbe walijenga nusu juu ya udongo wa kumwaga. Msimu moja tu wa mvua, ufa ukashuka kutoka dirisha mpaka chini, mkono unapita. Watu walikuwa wametoa makuta ya kuuza mandazi juu ya ile sale mama, mpaka leo inaniuma. Tangu pale sitoi plani kama sitaweza kufika kwenye shantie, mahali pa kujenga.

Sasa mteremuko, muupime ninyi wenyewe, haiombi mashini. Mutafute tuyo ya plastiki yenye inaonyesha maji ndani, mita 10 hivi, muijaze maji na mutoe hewa yote. Moja ashike ncha ya juu, mwingine ashike ncha ya chini kando ya mti wenye mumesimamisha wima. Maji ya ncha zote mbili inakaa kimo kimoja hata kama tuyo imejipinda katikati, kwa hiyo mupime kutoka maji mpaka udongo huku na kule, tofauti yake njo kilima kimeshuka kiasi gani. Mufanye kipande kwa kipande, mita 3 mita 3 na kamba ikae sawa, kisha mujumlishe. Tuseme mumepata mita 3 na nusu kwa ile mita 14, hiyo ni 25%, na kwa Kadutu haiko ya kushangaza.

Kwa 25%, sale ya mita 6 ukiikata mara moja inakuachia ukingo wa mita 1 na nusu nyuma. Ukiigawa ngazi mbili za mita 3, kila ukingo ni sentimita 75 tu, mashini za kushona zinakaa juu, darasa linakaa chini, na sale yote inalala juu ya udongo wa asili. Mimi ningefanya hivyo. Pale nyuma, ukuta wa sale usishike udongo hata siku moja, mujenge ukuta wake wa mawe, upana wa chini ufike karibu nusu ya urefu wake, mawe madogo-madogo nyuma yake na matundu ya kutoa maji kila mita 1 na nusu, kisha muache kipito na kanivo (mfereji wa maji) kati yake na sale. Kama kuna mahali ukuta utapita mita 1 na nusu, injenieri aupigie hesabu kwanza.

Na maji ya tole, mabati ya paa? Watu wanasahau hii kabisa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, basi tole ya 9 kwa 6 ikipata mvua ya milimita 40 inamwaga lita 2,160, ni bidoni 108 za lita 20, na zote zinaenda kwa jirani wa chini kama hamukuweka gutiere (mfereji wa kando ya paa) na mahali pa kuzipeleka. Kazi ya udongo muifanye kati ya mwezi wa 6 na wa 8, mvua ikiwa imekauka. Shenaji ya betoni na vyuma yenye kuzunguka kuta zote msiikate juu ya kupunguza bei, tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lilitupiga hapa, na tutapata lingine.

Lakini mutembee kwanza kartie nzima muangalie: miti imelala, milango ya majirani haifungi tena, ardhi ina nyufa ndefu? Kama ni hivyo udongo unatembea, sawa kule kartie ya Funu, na hakuna ukuta wa kuusimamisha. Hapo ningewashauri mujenge kwa mbao na tole, nyepesi, ao mutafute parseli ingine, hata kama inauma.

Huyu kijana sasa. Huko San Francisco, Amerika, shirika Public Architecture iliomba maofisi ya waarshitekte kutoa 1% ya wakati wao, inafika kama saa 20 kwa mtu kwa mwaka. Saa 20 zinaisha mbio. Za kijana wenu zisiishie kwenye kutafuta karatasi: mumupe makaratasi ya parseli, vipimo vya tuyo, hesabu ya wasichana na mashini, saa za kazi, na picha zenye mulipiga mvua ikinyesha ili aone maji inapita wapi. Pikipiki ya kuja na kurudi mumulipie. Muandike kwenye karatasi, kila upande utie saini, kwamba atafika kwenye shantie mara 3: kabla ya kumwaga msingi, wakati wa shenaji, na kabla ya kupiga tole. Kama bado ni mwanafunzi, mwalimu wake aangalie plani na aitie saini, juu ofisi ya urbanismu wataiomba kwa ruhusa ya kujenga, na juu wasichana wenu watakaa ndani.

Fundi msimufukuze, yeye njo anajua ile udongo inakuwa ngumu kwa kina gani, plani nzuri inatoka kwake pia. Muwakalishe pamoja kwenye parseli, yeye na kijana, kabla ya kuchora hata mustari moja, na siku hiyo muite na jirani wa chini.