Hotuba ya Mhusika Wako Haisisimui? Mtafute Anayekataa

Tangu Jumamosi simu yangu haijapumzika. Igizo letu la mkutano wa TANU wa 1958 limechezwa hapahapa Tabora, ukumbi ukajaa mpaka watu wakaning'inia madirishani, na kipande cha ile hotuba ya mwisho kimezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hadi kimefika Kigoma kabla ya treni. Acha nijisifu kidogo, nimesubiri sana.

Katika pongezi zote hizo kuna ujumbe mmoja wa kijana wa Urambo: "Dada shikamoo. Na mimi naandika. Mhusika wangu anaongoza mgomo, anapanda juu ya meza na kuhutubia, lakini wenzangu wakisoma wanapiga miayo. Nakosea wapi?" Akaambatanisha hotuba yenyewe. Kurasa tisa! Marahaba, mdogo wangu. Nimezisoma zote, na nakujibu mbele ya watu, maana najua kila anayepita hapa ana skripti yake kwenye simu inayongoja siku yake.

Tatizo lako ni kwamba kwenye ule umati wako wote wanakubaliana. Mhusika anasema "Tumechoka!", umati unaitikia "Tumechoka!" Anasema "Haki zetu!", wanaitikia "Haki zetu!" Sasa hapo anamshawishi nani? Watu wameshakubali kabla hajapanda mezani. Bora angeshuka wakaendelee na mgomo.

Tumelelewa hivyo, sikulaumu. Mimi nilianzia kwenye ngonjera za Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika. Tunapangwa juani na soksi zimevutwa hadi magotini, "Ndugu mgeni rasmi, karibu", kisha tunarusha ngumi hewani kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 kwa kugomea kufundishwa kwa Kiafrikana. Sauti yangu ilikuwa inafika barabarani. Mgeni rasmi anapiga makofi huku anaangalia saa. Nilipokuja kusoma habari za Mathias Mnyampala, aliyezieneza ngonjera ili kufundisha siasa ya Ujamaa baada ya Azimio la Arusha la 1967, nikakuta ngonjera zake zina watu wawili wanaobishana, mmoja anauliza na kupinga, mwingine anamjibu mpaka anaelewa. Sisi shuleni tulimfukuza mbishi tukabaki na ngumi.

Ndiyo maana nikauchagua mkutano wa Tabora wa Januari 1958. Wengi wanaujua kwa jina tu, Uamuzi wa Busara, lakini hebu utazame kwa jicho la mwandishi. Serikali ya kikoloni imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, tena awe na sifa za kipato au elimu ambazo Waafrika wengi hawana. Wajumbe wamekuja na hasira, wanataka kususia. Nyerere anasimama mbele ya watu wenye hasira ya haki kabisa, na anawaomba waingie kwenye uchaguzi uleule wanaouchukia! Inasimuliwa kwamba alitoa mfano wa shamba lililo ng'ambo ya tope, kwamba anayetaka mavuno hana budi kukubali kuchafuka. Alishinda, lakini si kwa wote. Zuberi Mtemvu alijitoa TANU akaanzisha chama chake cha ANC (African National Congress cha Tanganyika, si kile cha Afrika Kusini). Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na TANU na wale iliowaunga mkono wakashinda. Mwandishi gani angepata hotuba nzuri kuliko hiyo, ya kupoza umati badala ya kuuchochea?

Hotuba ya Nyerere mwenyewe sikuiandika kwanza. Kwa majuma mengi (hayo nitayaruka, yalikuwa ya kuchosha) niliandika wajumbe tu. Mmoja nilimtunga mwenyewe: mzee wa Pwani ambaye ameshafunga kibunda chake, anasubiri treni ya kurudi. Kijana anayemwigiza anaendesha bodaboda mtaa wa Ipuli, na nilimkataza kusema neno lolote wakati wa hotuba. Kazi yake ni kile kibunda tu. Hotuba inapoanza anakikaza fundo. Ikifika katikati, kidole gumba kinaingia chini ya kamba na kubaki hapo, hakikazi, hakilegezi. Jumamosi nilikaa pembeni nikawatazama watazamaji. Nusu ya ukumbi haikuwa inamwangalia msemaji, ilikuwa inaangalia kidole. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Fungua basi, mzee!" Ukumbi ukalipuka.

Mwalimu Nyerere huyohuyo, aliyesoma Tabora School na baadaye akafundisha St. Mary's hapahapa mjini, aliifasiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar (Kaizari), ikatoka 1963. Kaisome hotuba ya Antony, rafiki wa Kaizari, kwenye mazishi ya Kaizari. Anapopanda, umati umeshatekwa na Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, hakuna anayetaka kumsikia. Hawezi kuanza na "Tumechoka!" Anaanza kwa kumsifu Brutus, anarudia kwamba ni mtu wa heshima, anarudia tena, mpaka sifa inageuka tusi na watu wanaigeuza wenyewe. Wosia wa Kaizari anauonyesha lakini hausomi, hadi wao ndio wambembeleze ausome. Andika wanaokataa kwanza, nasema tena.

Msikilizaji si lazima abishe, anaweza pia kumkatiza msemaji. Agosti 28, 1963, Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi Marekani, alisimama Washington mbele ya watu wapatao 250,000 akiwa na hotuba iliyoandikwa. Akiwa anaelekea mwisho, mwimbaji wa injili Mahalia Jackson akampazia sauti kutoka karibu naye awaambie habari za ile ndoto yake ya weusi na weupe kuishi kwa usawa. King alishaisema Detroit mwezi Juni. Akaacha karatasi, akaingia kwenye ndoto. Filamu ngapi zimeiga ndoto ile, zikamsahau Mahalia?

Sasa niseme na la moyoni. Kuna tamasha moja, mkoa siutaji, tulipeleka igizo la awali lenye hotuba ya mwanamke anayewatetea wachuuzi. Mtu mmoja wa kamati akaikata jioni ya kuamkia onyesho. "Hii ni siasa, sisi tunataka burudani." Tukapewa nafasi ya kucheza ngoma. Msichana aliyekuwa ameikariri hotuba ile alicheza ngoma huku machozi yanamtoka, na watu wakadhani ni furaha. Jumapili iliyopita mtu huyohuyo ameniandikia "Hongera dada" na vidole gumba vitatu. Sijamjibu, na sidhani kama nitamjibu wiki hii.

Kwa hiyo vijana, msije mkakatwa kizembe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976 na inadai kibali. Mwoneni afisa utamaduni mapema, muwe na barua mkononi, atakayetaka kukata aandike sababu. Na acheni kudhani ujasiri ni kupaza sauti. Mnapenda mno kushangiliwa na waliokwisha kukubali, na mitandao imewazoesha. Kaeni na anayewapinga, mwandikieni maneno makali kuliko ya shujaa wenu, mumpe haki yake yote. Kama shujaa hana la kumjibu, bado hamna hotuba.

Wewe wa Urambo, zile kurasa tisa ziweke kando usizifute. Niandikie kurasa mbili za fundi yule aliyetajwa mstari mmoja tu kwenye igizo lako, anayeogopa mgomo kwa sababu mke wake amelazwa. Mwache aongee yeye, kiongozi wako anyamaze. Nitumie kabla ya Ijumaa, jioni hiyo tuna mazoezi na nitawapa wenzangu wazisome kwa sauti.